Sampuli ya watu 384 inaahidi nini hasa?

Katika miezi ambayo wanafunzi wa vyuo vya hapa Nairobi huandaa mapendekezo yao ya utafiti, mimi huombwa kusoma mengi, na nambari moja hujitokeza ndani yake kuliko nyingine zote: 384. Mmoja anachunguza wauza mitumba wa Gikomba, mwingine wahudumu wa bodaboda wa Kasarani, mwingine wapangaji wa Pipeline, na wote watatu wana sampuli ya watu 384. Nikiuliza nambari hiyo imetoka wapi, hutajiwa fomula, au huambiwa kwamba kundi likizidi watu 10,000 basi sampuli huwa 384. Nambari yenyewe si ya uongo. Imetokana na hesabu halali inayojibu swali fulani mahususi. Kinachonisikitisha ni kwamba mwanafunzi amekabidhiwa jibu bila kuelezwa lilikuwa jibu la swali gani, na kwa sababu hiyo hawezi kutambua wakati ambapo swali lake ni tofauti. Ninaamini kwamba zoezi lenye manufaa kuliko yote katika somo la utangulizi wa takwimu ni kuifungua nambari hii na kuona kilichomo.

Tuseme tunataka kujua ni kaya ngapi, kati ya kila mia, zinazonunua maji kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni katika mtaa fulani. Hatuwezi kubisha hodi katika kila nyumba, kwa hiyo tunachagua kaya kadhaa kwa nasibu, tunauliza, na tunapata uwiano. Tungechagua kaya nyingine kwa utaratibu uleule, tungepata uwiano tofauti kidogo, na tungerudia tena tungepata mwingine. Kosa sanifu ndicho kipimo cha kuyumba huko kutoka sampuli hadi sampuli. Ili kulipata, tunauzidisha uwiano wa waliosema ndiyo kwa uwiano wa waliosema la, tunagawanya kwa idadi ya kaya tulizohoji, kisha tunatafuta kipeuo cha pili. Tukilizidisha kosa sanifu kwa 1.96 tunapata upeo wa makosa. Tukiutoa upeo huo kwenye uwiano wetu na kisha kuujumlisha, tunapata mpaka wa chini na mpaka wa juu wa masafa ya uhakika ya asilimia 95. Hiyo 1.96 inatoka kwenye mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, ambapo asilimia 95 ya thamani zote hukaa ndani ya mikengeuko sanifu 1.96 kutoka kwenye wastani, upande huu na upande ule; mkengeuko sanifu ni kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Anayetaka uhakika wa asilimia 90 hutumia 1.645, na anayetaka asilimia 99 hutumia 2.576.

Sasa tugeuze hesabu hiyo nyuma mbele. Badala ya kuwa na sampuli na kutafuta upeo wa makosa, tunautaja upeo tunaoutaka na kutafuta sampuli itakayoutoa. Tunachukua 1.96 na kuizidisha kwa yenyewe, tunapata 3.8416, tunazidisha kwa p, yaani uwiano tunaoutarajia wa watakaosema ndiyo, na kwa 1 − p, tunagawanya kwa upeo wa makosa uliozidishwa kwa wenyewe. Tukiweka p kuwa 0.5 na upeo kuwa 0.05, tunapata 3.8416 × 0.25 ÷ 0.0025, yaani 384.16. Kwa kuwa tunahitaji idadi inayotosheleza sharti, tunapandisha hadi 385, wala hatushuki hadi 384. Tofauti ya mtu mmoja haitaharibu utafiti wa mtu yeyote, lakini ninalisisitiza jambo hili darasani kwa sababu anayeshuka anaonyesha kwamba anafuata kanuni ya makadirio aliyoizoea, ilhali hapa sharti ni kutopungukiwa.

Ndani ya nambari hiyo mna maamuzi matatu ambayo mtu fulani lazima ayafanye: uhakika wa asilimia 95, upeo wa pointi 5 za asilimia, na p ya 0.5. La tatu ndilo rahisi kulitetea. Zao la p na 1 − p hufikia kilele p inapokuwa nusu, kwa hiyo kuchukua 0.5 ni kujiandaa kwa hali inayodai sampuli kubwa kuliko zote. Hilo la pili ndilo linalopaswa kumsumbua mwanafunzi usiku kucha. Kwa nini pointi 5? Ikiwa chama cha wakazi kinataka kujua tu kama wanaonunua maji ya mikokoteni ni wengi au wachache, pointi 5 zinatosha, na pengine hata 10 zingetosha, kwa kaya 97 tu. Ikiwa mtu anataka kulinganisha mwaka huu na mwaka ujao, na mabadiliko anayoyatarajia ni pointi 3, basi upeo wa pointi 5 utayafunika mabadiliko yote na fedha zake zitakuwa zimepotea kabla hajaanza.

Kubana upeo kuna gharama kubwa, na gharama hiyo hukua kwa kasi kuliko watu wanavyodhani. Pointi 3 zinahitaji watu 1,068. Pointi 2 zinahitaji 2,401. Pointi 1 inahitaji 9,604. Ukitaka kuupunguza upeo kwa nusu, lazima uizidishe sampuli kwa nne, kwa kuwa idadi ya sampuli imo ndani ya kipeuo cha pili. Ninapenda wanafunzi walifanye zoezi hili kwa mkono, bila kikokotoo cha mtandaoni, na kando ya kila jibu waandike nauli ya wasaidizi wa utafiti na posho ya siku. Wakifika kwenye 9,604 huwa hawaulizi tena kwa nini watafiti hawatumii pointi 1.

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mwanafunzi hulikataa mwanzoni, nalo ni nafasi ya ukubwa wa kundi zima. Fomula tuliyoitumia haina mahali popote pa kuandika kundi lina watu wangapi. Akili hutaka kuamini kwamba jiji linahitaji sampuli kubwa zaidi kuliko mtaa, na nchi kubwa zaidi kuliko jiji. Sahihisho la kundi lenye kikomo lipo, na hufanywa hivi: 384.16 inagawanywa kwa 1 iliyojumlishwa na 383.16 iliyogawanywa kwa ukubwa wa kundi. Kwa mtaa wenye kaya 600 tunapata kaya 235, akiba kubwa kweli. Kwa kundi la watu 10,000 tunapata 370. Kwa Nairobi nzima, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia takriban kaya milioni 1.5, tunapata 385. Kwa Kenya nzima, yenye takriban kaya milioni 12.1 katika sensa hiyohiyo, tunapata 385 vilevile. Kundi linapokuwa kubwa mara nyingi kuliko sampuli, ukubwa wake huacha kuwa na maana katika hesabu hii; kinachoamua ni jinsi watu wanavyotofautiana na jinsi tunavyotaka kuwa karibu na ukweli.

Hapa ndipo fomula ya mwanatakwimu Taro Yamane, ambayo tasnifu nyingi za Kenya huinukuu kana kwamba ni njia nyingine tofauti, inapopata mwanga wake. Inasema: gawanya ukubwa wa kundi kwa 1 iliyojumlishwa na zao la ukubwa huo na upeo wa makosa uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanafunzi akiichambua ataona kwamba ni fomula ileile tuliyoifanya juu, ambapo p imefungwa kwenye 0.5, 1.96 imesogezwa hadi 2, na sahihisho la kundi lenye kikomo limeingizwa kwa umbo lililorahisishwa. Ndiyo maana kwa kundi kubwa mno na upeo wa pointi 5 inaelekea 400 badala ya 384. Ni njia ya mkato inayokubalika kwa uwiano. Haifai hata kidogo kwa anayetafuta wastani, kwa mfano wastani wa mapato ya siku ya mwendesha bodaboda, kwa sababu haina nafasi ya mkengeuko sanifu wa mapato hayo. Bado nimeiona ikitumika hivyo mara nyingi, na sijawahi kuona mtahini akiuliza.

Kabla ya kwenda mbele ni lazima tuweke wazi asilimia 95 inazungumzia nini, maana hapa ndipo wengi hupotea huku hesabu zao zikiwa sahihi kabisa. Tuseme tumepata masafa yanayoanzia asilimia 31 hadi 41. Sentensi inayokuja haraka mdomoni ni kwamba kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba uwiano halisi wa mtaa uko kati ya 31 na 41. Jerzy Neyman, mwanatakwimu wa Kipolandi aliyeiweka nadharia hii wazi katika makala yake ya 1937 alipokuwa akifundisha London, hakusema hivyo, na alichagua maneno yake kwa uangalifu. Uwiano halisi wa mtaa ni nambari moja isiyobadilika, iwe tunaijua au hatuijui. Kinachobadilika ni masafa, kwa kuwa yanatokana na sampuli. Asilimia 95 ni sifa ya utaratibu: tukiurudia mara nyingi, karibu masafa 95 kati ya kila 100 yatakuwa yameunasa uwiano halisi, na 5 yatakuwa yameukosa, wala hatutaambiwa ni yapi.

Maelezo haya husikika kama ubishi wa wanafalsafa hadi mtu ayaone kwa macho. Zoezi ninalolipendekeza linahitaji vifuniko vya soda tu, ambavyo hupatikana bure kwenye duka lolote ukiomba kwa heshima. Kusanya vifuniko 1,000 vya rangi mbili, 300 vyekundu na 700 vya rangi nyingine, uvitie kwenye karai na kuvichanganya vizuri. Kila mwanafunzi achote vifuniko 50 bila kutazama, ahesabu vyekundu, akokotoe masafa yake ya uhakika ya asilimia 95, ayachore kama mstari ubaoni, kisha arudishe vifuniko na karai lichanganywe upya. Kila mtu darasani anajua kwamba ukweli ni 0.30, kwa hiyo mstari wima unachorwa hapo. Aliyepata vyekundu 12 ana uwiano wa 0.24, na masafa yake yanaanzia karibu 0.12 hadi 0.36, yameunasa ukweli. Aliyepata 10 anaanzia 0.09 hadi 0.31, ameunasa kwa tundu la sindano. Aliyepata 9 anaanzia 0.07 hadi 0.29, na mstari wake haugusi 0.30 popote.

Mwanafunzi huyo wa mwisho hakukosea chochote. Alichota kwa uaminifu, akakokotoa kwa usahihi, na bado masafa yake yamekosa. Darasa la watu 40 halina budi kutarajia mistari kama miwili ya aina hiyo, wakati mwingine minne, wakati mwingine isiwepo. Na katika utafiti halisi, ambapo hakuna mstari wima ubaoni, yeyote kati yetu anaweza kuwa ndiye mwenye masafa yaliyokosa. Nimeona wanafunzi waliokariri tafsiri sahihi kwa miezi wakiielewa kwa mara ya kwanza mbele ya ubao huo.

Ninasisitiza vifuniko kwa sababu vina ukubwa na uzito uleule. Wapo walimu wanaotumia mahindi na maharagwe, ambayo ni rahisi zaidi kupatikana, lakini punje za ukubwa tofauti hujipanga ndani ya chombo: ndogo huzama, kubwa hupanda juu, na kikombe huchota kilicho juu. Darasa zima linaweza kupata masafa yanayoelekea upande mmoja bila kujua sababu. Kwa darasa la pili, hata hivyo, ningeyaleta mahindi na maharagwe makusudi, ili wanafunzi waone kwamba fomula haikugundua tatizo. Iliendelea kutoa masafa membamba na nadhifu, yote yakiwa mahali pasipo sahihi.

Historia ina mfano mkubwa wa jambo hilo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi zaidi ya milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, likapokea majibu zaidi ya milioni 2, na likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda kwa takriban asilimia 61 ya kura. Majina ya waliotumiwa kadi yalitoka kwa sehemu kubwa katika orodha za wenye simu na wenye magari, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, na waliojisumbua kurudisha kadi walikuwa na mwelekeo wao pia. Upeo wa makosa wa sampuli ya milioni 2, ukiukokotoa, ni chini ya sehemu ya kumi ya pointi moja. Kwa hiyo mwanafunzi anayesambaza dodoso kwenye makundi ya WhatsApp, au anayesimama mlangoni mwa jengo la maduka la Westlands kuuliza watu wa Nairobi wanakula nini, asiandike chini ya jedwali lake kwamba upeo wa makosa ni pointi 5. Hesabu hiyo inadai bahati nasibu, na bahati nasibu haikufanyika.

Hata bahati nasibu ikifanyika, aina yake ina uzito, na sehemu hii ningependa kuikawilia kwa sababu inaugusa karibu kila utafiti wa mitaa yetu. Nambari 385 inadhani kwamba kila kaya imechaguliwa peke yake kutoka kwenye orodha kamili. Hakuna orodha kama hiyo mkononi mwa mwanafunzi. Anachofanya ni kuchagua maghorofa 16 katika Pipeline na kuhoji wapangaji takriban 25 katika kila moja. Lakini wapangaji wa ghorofa moja wana mwenye nyumba mmoja, tangi moja la maji, kodi zinazokaribiana na pengine mlinzi mmoja anayefunga lango saa ileile. Majibu yao yanafanana. Mpangaji wa ishirini na tano anatuambia machache sana ambayo wale ishirini na wanne hawakutuambia.

Kipimo cha kufanana huku ni nambari kati ya sifuri na moja, na kutokana nayo tunapata kizidisho cha sampuli: 1 kujumlisha kufanana kulikozidishwa kwa idadi ya wahojiwa wa kila ghorofa kupungua mmoja. Tuchukue kufanana kudogo tu, 0.05. Kwa wahojiwa 25 kizidisho ni 1 + 24 × 0.05, yaani 2.2. Sampuli yetu ya 385 ina thamani ya sampuli nasibu ya watu 175, na upeo wa makosa tuliouandika kuwa pointi 5 ni pointi 7.4. Ili kuurudisha kwenye 5 tunahitaji kaya 847 kwa mpango huo. Au tubadilishe mpango: tuhoji kaya 5 tu kwa kila ghorofa, kizidisho kishuke hadi 1.2, na tuhitaji kaya 462 zilizosambaa katika maghorofa 93. Kaya ni chache, ila miguu itachoka zaidi, na uamuzi kati ya hayo mawili ndio upangaji halisi wa utafiti. Na kama swali ni iwapo maji ya bomba yalitoka jana, ambapo ghorofa zima lina jibu moja, kufanana kunakaribia 1, na mwanafunzi aliyehoji watu 385 ana taarifa 16 tu.

Tafiti kubwa za taifa hupangwa kwa kuzingatia mambo haya. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Kenya wa mwaka 2022, ulioongozwa na shirika la takwimu la taifa, KNBS, ulipanga kutembelea maeneo 1,692 na kuchagua kaya 25 katika kila eneo, jumla ya kaya 42,300. Anayeamini kwamba 384 inatosha nchi nzima atashangaa kwa nini serikali ihangaike na elfu arubaini. Sababu ya kwanza ni kule kufanana kwa majirani. Ya pili ni kwamba utafiti huo ulitakiwa kutoa makadirio kwa kila moja ya kaunti 47, wala si kwa nchi kwa ujumla tu.

Sababu hiyo ya pili huwaangusha wengi. Mwanafunzi aliyepata sampuli ya 385 kwa ajili ya Nairobi yote, akafika sura ya nne, ile ya matokeo, na kuanza kulinganisha maeneobunge 17, amebaki na watu 22 au 23 katika kila moja, na upeo wa makosa wa zaidi ya pointi 20. Anayosema kuhusu tofauti kati ya Lang'ata na Embakasi Mashariki hayana msingi wowote katika sampuli yake. Kama alitaka pointi 5 kwa kila eneobunge, alihitaji watu 6,545. Kwa hiyo ninamwomba kila mwanafunzi achore majedwali ya matokeo, yakiwa matupu, kabla ya kukokotoa sampuli. Seli ndogo kuliko zote katika jedwali analolihitaji kweli ndiyo inayoamua.

Swali likiwa la wastani, p huondoka na mkengeuko sanifu huingia. Tuchukue zoezi la abiria aliyepima muda wa kusubiri matatu ya Rongai katika siku 16 alizozichagua kwa nasibu, akapata wastani wa dakika 12 na mkengeuko sanifu wa dakika 4.8. Kosa sanifu ni 4.8 ÷ 4, yaani 1.2. Kwa kuwa sampuli ni ndogo na mkengeuko umekadiriwa kutoka kwenye data ileile, hatutumii 1.96, tunatumia jedwali la t, lenye vizidisho vikubwa zaidi kwa sampuli ndogo, kwa digrii 15 za uhuru (siku 16 kupungua moja), ambalo linatupa 2.131, na masafa yanakuwa dakika 9.4 hadi 14.6. Jedwali hilo tunalidaiwa na William Gosset, aliyefanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin na kuchapisha makala yake mwaka 1908 kwa jina la Student. Abiria wetu akitaka kuukadiria wastani huo kwa upeo wa dakika 1, anahitaji siku 89. Kwa nusu dakika, 355. Sheria ya mara nne imerudi tena, ingawa kwa sababu ya kupandisha desimali, 355 imepungua siku moja kuliko 89 mara nne.

Anayechunguza jambo adimu naye asiikope 385. Tuseme ugonjwa unaowapata watu 3 kati ya 100. Upeo wa pointi 5 unampa masafa kutoka asilimia hasi 2 hadi 8, na hakuna asilimia hasi ya wagonjwa. Upeo wenye maana hapa ni pengine pointi 1, na sampuli yake ni 1,118. Juu ya hesabu yoyote kati ya hizi, mtu aongeze wale watakaokataa au wasiopatikana nyumbani: akitarajia wanane kati ya kumi watajibu, 385 inagawanywa kwa 0.8 na kuwa 482. Nyongeza hiyo inalinda idadi tu. Haiponyi upotofu unaotokea ikiwa wasiopatikana ni watu wa aina moja, kwa mfano walinzi wa zamu ya usiku.

Uchaguzi mkuu wa 2027 utaleta kura za maoni, na sheria ya mwaka 2012 inayosimamia uchapishaji wake inataka ukubwa wa sampuli na upeo wa makosa vitangazwe, jambo jema linalowapa wanafunzi mazoezi ya bure. Tuseme sampuli ya watu 1,068 inampa mgombea mmoja asilimia 48 na mwingine 45, na upeo ni pointi 3. Upeo huo ni wa asilimia ya mgombea mmoja. Upeo wa tofauti kati ya wawili waliomo katika sampuli moja unakokotolewa kwa njia yake, na hapa unafika pointi 5.8, karibu mara mbili. Pengo la pointi 3 halitoshi kumtangaza anayeongoza.

Zoezi la mwisho ninalolitoa huja pale ambapo fomula ya kawaida inaanguka kabisa. Mkaguzi amechagua pakiti 60 za unga kwa nasibu kutoka kwenye shehena, akazipima zote, na hakukuta hata moja yenye kasoro. Uwiano ni sifuri, kosa sanifu ni sifuri, na masafa yanaanzia sifuri hadi sifuri, kana kwamba amethibitisha kwamba shehena yote ni safi. Njia sahihi ni kujiuliza: kasoro zingekuwa nyingi kiasi gani, na bado uwezekano wa kutoziona katika pakiti 60 ukawa asilimia 5? Jibu la haraka ni kugawanya 3 kwa idadi iliyokaguliwa, na 3 ÷ 60 ni asilimia 5. Shehena inaweza kuwa na pakiti mbovu hadi 5 katika kila 100, na ukaguzi huo usingeweza kuikanusha hali hiyo. Kama mnunuzi anataka hakikisho la chini ya asilimia 1, kwa uhakika uleule wa asilimia 95, pakiti zinazopaswa kukaguliwa bila kukuta kasoro hata moja ni 299. Kokotoa 0.99 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 298 na utaona kwamba bado imezidi 0.05 kwa kiasi kidogo sana.